Utando wa Madini

Bamba la ukutani la Sunderland halina aibu kukuhubiria. Katikati, ndani ya shada la maua lililochapwa kwa wino mweusi, nabii Amosi anamwonya msomaji ajiandae kukutana na Mungu wake. Fremu, ya udongo uleule, imepakwa waridi lenye madoa, na ukingo wake wa nje unang'aa kama shaba mpya. Juu kuna matundu ya kupitishia kamba. Mabamba haya yalitoka kwa wingi katika karne ya 19 kwenye viwanda vya kando ya mito Wear na Tyne, kaskazini-mashariki mwa Uingereza, yakapamba nyumba za watu wa kawaida, Wamethodisti na mabaharia wakiwemo.

Ufinyanzi huu tuuiteje? Jibu la haraka ni "vyombo vya mng'ao", na Waarabu nao huutaja kwa mng'ao wake. Lakini kila chombo kilichotiwa kioo hung'aa, hata sahani ya plau iliyonunuliwa juzi. Kuuita kwa rangi ni kubaya zaidi, kwa sababu rangi zenyewe ni waongo.

Mfinyanzi aliyeyusha dhahabu kwa asidi kali, akaichanganya na mafuta, akaipaka juu ya chombo kilichokwisha kuchomwa na kutiwa kioo, kisha akakirudisha tanurini kwa moto mdogo zaidi. Mafuta yaliungua, dhahabu ikabaki imeng'ang'ania kioo, nyembamba kiasi kwamba utando wa maziwa yaliyopoa ni blanketi ukilinganishwa nayo. Juu ya udongo mweupe dhahabu hiyo huwa waridi; juu ya udongo mwekundu au wa kahawia, jicho linaapa kuwa ni shaba. Vile vya rangi ya fedha? Ni platini, maana fedha ingeingia weusi. Na yale madoa ya waridi yalipatikana kwa kunyunyizia mafuta kwenye rangi mbichi. Tanurini mafuta hayo yalifanya mapovu yakapasuka.

Kwa hiyo napendelea "ufinyanzi wa utando wa madini", na kwa kifaa chenyewe "bamba la utando". "Kibao" kinanukia mbao, na "kigae" kinatupeleka paani. Istilahi hii inawaenea pia wafinyanzi wa Iraki wa karne ya 9, waliotangulia wote hao kwa kutumia fedha na shaba katika tanuri lenye moshi: madini mengine, utando uleule.

Mkusanyaji naye neno hili linamfaa, kwani utando husuguliwa ukaisha. Bamba lililopauka kwenye kingo huenda liliwahi kukutana na mama mwenye nyumba mpenda usafi. Lioshe kwa maji ya vuguvugu na kitambaa laini, bila sabuni ya unga wala dodoki. Kisha ligeuze: mengi hayana chapa yoyote, lakini ukibahatika utakuta jina la kiwanda, kama Dixon, limegandamizwa kwenye udongo wa mgongoni.