Msomi, Sanduku na Majina Yaliyofutwa

Kuna aina ya hadithi za kutisha ambamo mchunguzi ni msomi. Hana bunduki wala hirizi, ana makaratasi. Anasoma barua za marehemu, anauliza wazee, anaunganisha habari, na akishajua anatamani asingejua.

Mmarekani H. P. Lovecraft aliandika nyingi. Moja, iliyotoka 1921, inatugusa sisi Wakongo. Arthur Jermyn, msomi Mwingereza, anakwenda Kongo kuchunguza ukoo wake. Chifu mzee Mwanu anamsimulia, halafu Mbelgiji mmoja anamtumia sanduku. Analifungua, anatambua kwamba bibi wa ukoo wao alikuwa sokwe, anajichoma moto. Basi. Mwanu kazi yake ni kusimulia tu, na kitisho eti kimezaliwa msituni kwetu. Lovecraft mwenyewe Afrika hakufika.

Ila Kongo ileile ilipata mchunguzi wa kweli. Mwaka 1903 Roger Casement, konsuli wa Uingereza, alipanda mto akiuliza watu: nani alikukata mkono? Mbona kijiji kitupu? Akaandika majibu. Akakuta kitisho kinatoka kwenye hesabu, si msituni: watu walipangiwa mpira wa kuleta, asiyefikisha aliadhibiwa, faida ikaenda kwa Mfalme Leopold II. Casement hakujichoma. Aliandika ripoti, ikachapishwa 1904. Kelele zikawa nyingi, na 1908 Leopold akaiachia Kongo mikononi mwa serikali ya Ubelgiji.

Lakini kabla ya kuchapa, wakubwa wake Londoni walifuta majina ya watu na vijiji, wakaweka herufi. Casement alikasirika sana.

Sisi tuliovuka Rusizi tukapokelewa hapa Nyarushishi tunaijua habari hiyo. Tunahojiwa, tunapewa namba. Najua kuficha jina kunaweza kuokoa maisha ya mtu, sikatai. Ninachouliza ni hiki: jina likifichwa, nani analitunza?

Ndugu zangu wa kambi, tununue daftari. Tuandike jina, kijiji, siku, na nani alifaidika. Nanyi wafanyakazi wa misaada, mkiandika mateso yetu msiishie kwenye jeraha. Ulizeni na hesabu. Na mkimaliza, mtuachie nakala. Mwanu naye alistahili kusoma kilichoandikwa juu yake.