Dereva akinaswa akiwa amelewa: Jinsi ya kulitoa gari kituoni

KILA Jumatatu asubuhi, kwenye kaunta za vituo vingi vya polisi nchini, husikika swali lile lile: Gari letu litatoka lini?

Aghalabu anayeuliza si yule aliyekamatwa Ijumaa usiku akiendesha gari akiwa amelewa. Ni mkewe, ni mwajiri wake, au ni mwenye teksi aliyemkabidhi funguo akitarajia kuletewa hesabu ya siku. Dereva yumo seli au amekwisha kuachiliwa kwa dhamana. Gari limeegeshwa uani, kando ya mabati na vyuma vya magari yaliyofika hapo zamani na ambayo hakuna aliyekuja kuyaulizia.

Kosa la wengi ni kudhani kwamba kesi ya dereva na hatima ya gari ni jambo moja, na kwamba sharti la kwanza liishe ndipo la pili lianze. Hayo ni mambo mawili. Dereva ana shtaka, gari halina.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403 ya Sheria za Kenya, kifungu cha 44, humlenga mtu. Humwadhibu yule anayeendesha gari, anayejaribu kuliendesha, au aliye na gari chini ya uangalizi wake barabarani au mahali pa umma, hali amezidiwa na kileo au dawa za kulevya kiasi cha kushindwa kulidhibiti. Adhabu yake ni faini isiyozidi Sh100,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au zote mbili. Leseni yake pia imo hatarini, kwani anayepatikana na hatia anaweza kupigwa marufuku kuendesha gari kwa miezi 12 au zaidi.

Maneno ‘chini ya uangalizi wake’ yana uzito. Mtu aliyeamua kulala ndani ya gari kando ya barabara, funguo zikiwa mfukoni, anaweza kujikuta mbele ya hakimu sawa na yule aliyekuwa akiendesha.

Hili pia si miongoni mwa makosa madogo yaliyoorodheshwa katika kanuni za mwaka 2016, ambayo faini zake hazizidi Sh10,000. Anayeambiwa alipe ‘faini’ pale pale kwenye kizuizi ili aende zake, ajue kwamba anachoombwa si faini.

Kuhusu kifaa cha kupulizia, maarufu kama Alcoblow, kanuni za mwaka 2011 ziliweka kiwango cha mikrogramu 35 za pombe katika mililita 100 za pumzi, au miligramu 80 katika mililita 100 za damu. Mapema mwaka 2017, Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba kanuni hizo hazikulingana na sheria yenyewe, kwa kuwa sheria humtazama mtu aliyeshindwa kulidhibiti gari ilhali kanuni zilitazama kiwango cha pombe tu. Vifaa hivyo vilirejeshwa barabarani baadaye. Hoja hiyo ni ya wakili kuijenga kortini. Haijawahi kumsaidia mtu kulitoa gari kituoni saa nane usiku.

Usiku wenyewe

Jambo linaloweza kuokoa siku kadhaa hufanyika kabla gari halijafika kituoni. Iwapo ndani ya gari kuna abiria asiyekunywa kileo na mwenye leseni halali, ni busara kumwomba afisa, kwa adabu, amruhusu huyo aliondoe gari. Uamuzi ni wa afisa. Akikataa, ubishi hauna faida, na huenda ukaongeza shtaka la pili.

Gari likipelekwa kituoni, mambo matatu yafaa kufanywa usiku huo huo. Kwanza, kisa kiandikwe katika kitabu cha matukio, na mhusika au jamaa yake apewe nambari ya OB. Bila nambari hiyo, kila anayekuja kesho yake ataanza upya kusimulia habari kwa afisa wa zamu nyingine asiyejua lolote.

Pili, ijulikane gari limepelekwa kituo gani hasa. Kizuizi huweza kuwa na maafisa kutoka vituo mbalimbali, na si lazima gari lilale kituo kimoja na dereva wake.

Tatu, vilivyomo vihesabiwe. Simu, kompyuta, vyeti na fedha vitolewe. Spea, jeki, redio na betri viandikwe. Kisomo cha kilomita kinakiliwe. Picha chache za simu, zikionyesha pande zote nne na nambari ya usajili, zinatosha. Si siri kwamba vioo vya kando na betri hupotea katika nyua za vituo, na anayelalamika bila kumbukumbu huulizwa alijuaje kwamba vilikuwapo.

Ikiwa gari limevutwa kwa gari la kukokota, mwenye gari aulize ni nani aliyeliita na gharama ni kiasi gani, kisha adai risiti. Wengi wa wenye magari hayo ni wafanyabiashara binafsi, na bei hupanda kadiri mteja anavyoonekana kuchanganyikiwa.

Ijumaa na Jumatatu

Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 49, inasema mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kwisha. Ila saa hizo zikiisha wakati mahakama zimefungwa, muda husogea hadi mwisho wa siku inayofuata ya kazi ya mahakama. Ndiyo maana aliyekamatwa Ijumaa saa tano usiku anaweza, kisheria, kusubiri hadi Jumatatu.

Lakini kifungu hicho hicho kinampa haki ya kuachiliwa kwa dhamana yenye masharti ya busara, isipokuwa pakiwa na sababu nzito za kumnyima. Mkuu wa kituo ana mamlaka ya kumwachilia kwa dhamana ya polisi, ama kwa ahadi ya maandishi au kwa kuweka fedha. Fedha zikiwekwa, risti rasmi ya serikali itolewe, yenye jina, kiasi na nambari. Pesa za dhamana si za polisi. Hurudishwa kesi ikimalizika, mradi mshtakiwa alifika kortini kila alipotakiwa, na pasipo risiti hiyo kuzipata ni taabu tupu.

Dereva aliyeachiliwa alfajiri hufanya kosa jingine: huomba funguo na kuketi nyuma ya usukani. Mwili huondoa pombe polepole, kwa wastani wa takriban miligramu 15 katika kila mililita 100 za damu kwa saa moja. Mtu aliyekamatwa akiwa na miligramu 200 huwa bado na kama 110 baada ya saa sita za kukaa seli, yaani juu ya kile kiwango cha 80. Kahawa, maji baridi na supu ya kichwa humwamsha tu. Haviondoi pombe damuni. Afisa anayekataa kumpa funguo mtu huyo hamwonei.

Nani aende, na abebe nini

Anayekwenda kulichukua gari awe mtu asiye na harufu ya kileo, mwenye leseni halali. Abebe kitambulisho chake, nambari ya OB, nakala ya logbuku au taarifa za usajili wa gari kutoka NTSA, ambazo sasa huombwa kupitia mtandao wa eCitizen, na cheti cha bima ambacho muda wake haujakwisha. Bima ikiwa imeisha, gari halitatoka likiendeshwa, hata kama kila kitu kingine ni sawa.

Asiye mwenye gari abebe barua ya idhini iliyotiwa saini na mwenyewe, pamoja na nakala ya kitambulisho cha huyo aliyeiandika. Gari la kampuni huhitaji barua yenye muhuri. Magari mengi ya Wakenya hununuliwa kwa mkopo, na logbuku huandikwa jina la mnunuzi pamoja na la benki au chama cha akiba na mikopo. Hali hiyo haimzuii mnunuzi kulitoa gari, ila yafaa awe na nakala ya logbuku yenye majina yote mawili, kwani afisa akikuta jina la benki bila maelezo hushuku.

Chukua mfano wa mama mwenye Probox moja, ambayo kijana huiendesha na kumletea fedha kila jioni. Kijana akinaswa akiwa amelewa, mama huyo hajatenda kosa. Hana haja ya kungoja kesi ya kijana isikizwe, na hapaswi kulipa dhamana ya kijana kama sharti la kupewa gari lake. Aende kwa mkuu wa kituo, si kwa askari wa langoni, na stakabadhi zake, aeleze kwamba yeye ndiye mwenye gari na kwamba hakuwapo. Kila siku gari hilo linapokaa uani, mapato yake hayapo, lakini mkopo na karo ya watoto viko pale pale.

Pasipo ajali, hakuna sababu nyingi za kulishikilia gari muda mrefu. Ushahidi wa ulevi umo katika mwili wa dereva na katika macho ya afisa aliyemkamata. Haumo kwenye injini.

Gari linapogeuzwa kielelezo

Mambo hubadilika pakiwa na ajali. Gari hukaguliwa na mkaguzi wa magari ili ijulikane kama breki, usukani na taa vilikuwa vizima, na kabla ya ukaguzi huo haliguswi. Mtu akiwa amefariki, dereva huweza kushtakiwa kwa kosa la kusababisha kifo, ambalo kifungo chake hufikia miaka 10, na polisi watakuwa waangalifu zaidi. Hapo mwenye gari aulize tarehe ya ukaguzi na kuifuatilia, maana faili ambayo haina mfuatiliaji hukaa chini ya nyingine. Aombe pia abstrakti ya polisi kwa ajili ya bima, akijua kwamba mikataba mingi ya bima huiondolea kampuni wajibu wa kulipia uharibifu wa gari lenyewe endapo dereva alikuwa amelewa.

Polisi wakisema gari ni kielelezo cha kesi na haliwezi kutoka, mlango unaofuata ni wa mahakama. Kifungu cha 121 cha Sheria ya Utaratibu wa Makosa ya Jinai kinakubali kitu kilichotwaliwa na kufikishwa kortini kizuiliwe hadi kesi iishe, lakini kinataka kitunzwe kwa uangalifu unaofaa. Kifungu cha 177 nacho kinampa hakimu mamlaka ya kuagiza mali iliyotwaliwa kwa mshtakiwa irudishiwe anayeonekana kuwa na haki nayo.

Ombi hilo laweza kutolewa kwa mdomo siku ile ile dereva anaposomewa mashtaka. Hakimu humuuliza kiongozi wa mashtaka kama ana pingamizi. Mara nyingi huwa hana. Likipingwa, huandikwa rasmi na kuambatanishwa na hati ya kiapo. Kwa kawaida hakimu huagiza gari lipigwe picha, kisha liachiliwe kwa sharti kwamba mwenyewe atalileta likihitajika na hataliuza wala kulibadilisha rangi kabla ya hukumu. Picha hukubalika kama ushahidi chini ya Sheria ya Ushahidi, kwa hivyo hakuna lazima ya kurundika vyuma uani kwa miaka miwili.

Dereva anayekiri kosa na kulipa faini siku hiyo hiyo asiondoke kortini kabla ya kuuliza kuhusu gari. Amri ya hakimu isipolitaja, atarudi kituoni aambiwe alete amri. Atarejea kortini na kukuta faili imekwisha kupelekwa kwingine. Nakala ya amri iliyogongwa muhuri ndiyo inayofungua lango.

Anayeombwa hongo ili apewe gari ambalo tayari limeamriwa kutolewa anaweza kuripoti kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi kupitia nambari ya bure 1551, au kwa mamlaka huru ya kuchunguza polisi, IPOA, kupitia 1559. Apige simu akiwa na nambari ya OB, jina la kituo na saa aliyoombwa.

Wasiorudi

Kuna wanaoliacha gari makusudi. Wengine huona aibu, wengine hawana fedha, wengine wana madeni yanayozidi thamani ya gari lenyewe. Msomaji wa matangazo ya Gazeti Rasmi la Serikali na ya magazeti ya kila siku huyajua yale yenye orodha ndefu ya nambari za usajili: polisi hupata amri ya hakimu, huwapa wenyewe muda, aghalabu siku 30, wa kuja na hati zao, kisha dalali huyapiga mnada yaliyobaki. Katika orodha hizo hupatikana pikipiki nyingi, lakini pia magari ambayo yangali yakitembea siku yalipoingia uani.

Aliyeona nambari ya gari lake katika tangazo kama hilo bado ana nafasi hadi siku ya mnada. Aende katika kituo kilichotajwa akiwa na logbuku na kitambulisho, na kama kesi yake ilikwisha, abebe pia risiti ya faini.