Tangu lini mwalimu wa chekechea akawa 'wa chekechea tu'?

MAJUZI nilikuwa kwenye karamu ya harusi ambapo bwana mmoja alijitolea kutujulisha sisi kwa sisi mezani. Huyu ni daktari, yule ni wakili wa Mahakama Kuu, na huyu dada hapa, akasema, "ni mwalimu wa nasari tu." Dada akatabasamu kama mtu aliyekwisha kulizoea neno hilo, kisha akaendelea na pilau yake.

Wanaisimu hutuambia kwamba 'tu' huweka mpaka. Ukisema umekunywa maji tu, maana yake ni kwamba chai hukuigusa. Lakini 'tu' ya bwana yule haikuwa ya mpaka. Ilikuwa ya kushusha. Hamna mtu aliyesema 'daktari tu'. Nikajiuliza: 'tu' hii aliibandikwa lini mwalimu wa watoto wadogo, na nani aliyembandika? Jibu lake ni la kihistoria zaidi kuliko la kisarufi.

Chekechea za mwanzo humu nchini zilifunguliwa katika miaka ya 1940 kwa ajili ya watoto wa Wazungu na Wahindi. Mtoto Mwafrika aliingia katika hadithi hii kwa mlango wa nyuma, tena mlango wenye uchungu. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952, na kuanzia 1954 serikali ya kikoloni ikawahamisha takriban watu milioni moja wa Kati mwa Kenya na kuwarundika katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki. Akina mama walilazimishwa kufanya kazi za umma: kuchimba mahandaki yale yale, kukata matuta, kutengeneza barabara. Watoto je? Walikusanywa mahali pamoja na kuwekwa chini ya macho ya mwanamke mmoja au wawili. Hali haikuwa tofauti sana katika mashamba makubwa ya kahawa na majani chai, ambako mama alihitajika shambani alfajiri na mtoto akawa kikwazo kwa tajiri.

Kwa hivyo kazi hii ilizaliwa kama kazi ya kulinda. Aliyekabidhiwa watoto alitakiwa kuhakikisha kwamba jioni idadi yao ni ile ile ya asubuhi, na kwamba hakuna aliyeungua wala kupotea. Hakuna aliyemuuliza mama yule anawaambia nini watoto kutwa nzima. Nami naona hapo ndipo 'tu' ilipoota mizizi: wakubwa walihesabu vichwa, hawakusikiliza maneno.

Uhuru ulipokuja mwaka wa 1963, wanakijiji wakazijenga chekechea kwa nguvu za Harambee. Kanisani, chini ya mwembe, kwenye banda la chama cha ushirika, popote. Mwalimu alilipwa na wazazi kwa walichochanga, na mwezi wasipochanga hakulipwa. Kwa kuwa mzazi ndiye mwajiri, mzazi ndiye aliyeamua kinachofunzwa, na mzazi alitaka Kiingereza.

Tusimlaumu bure. Mwaka 1957 mpango wa kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza ulianza kujaribiwa katika shule za Wahindi jijini Nairobi, ukaenea. Tume ya Ominde ya 1964 ikauunga mkono. Ni kweli kwamba Ripoti ya Gachathi ya 1976 ilirudisha lugha ya eneo katika madarasa ya chini, ila kufikia wakati huo wazazi walikuwa wameshajua mlango uko wapi. Baadaye shule nyingi zikaanza kuwafanyia watoto wa miaka sita usaili kabla ya kuwaingiza darasa la kwanza. Usaili, wallahi! Mtoto hajang'oa jino la kwanza la utotoni, na tayari ana jopo mbele yake. Mwalimu wa chekechea akageuka kuwa mkufunzi wa usaili. Watoto wakaimbishwa majina ya Kiingereza ya wanyama wasiowahi kuwaona, huku yule mbuzi aliyefungwa nje ya dirisha akikosa jina darasani.

Hata hivyo walikuwapo waliosikiliza maneno. Kati ya 1971 na 1982, Taasisi ya Elimu ya Kenya, ambayo siku hizi tunaijua kama KICD, iliendesha mradi wa elimu ya chekechea kwa msaada wa Wakfu wa Bernard van Leer wa Uholanzi. Matunda yake yalikuwa NACECE, kituo cha kitaifa cha elimu hiyo kilichoanzishwa 1984, na vituo vya wilaya vilivyofuata mwaka mmoja baadaye. Wakufunzi walifanya jambo ambalo mimi, kama mtu wa lugha, nalitukuza hadi leo: walikusanya hadithi, vitendawili, nyimbo na michezo katika lugha za kwetu, vikawa vifaa vya kufundishia. Mafunzo yenyewe yalikuwa ya miaka miwili. Mwalimu alifundisha muhula mzima, na shule zikifungwa Aprili, Agosti na Desemba, yeye anakwenda kusoma. Wenzake wakipumzika, yeye yuko bwenini, pengine na mtoto mchanga mgongoni.

Lakini kielelezo ninachokithamini zaidi kinatoka Mombasa. Mapema katika miaka ya 1980, viongozi wa Waislamu wa Pwani walikuwa na wasiwasi wa aina mbili. Watoto wao walikuwa wakibaki nyuma katika shule za serikali, na wazazi wengi walihofia kwamba mtoto akienda nasari ya kawaida ataipoteza dini yake na utamaduni wake. Wakapeleka ombi kwa Aga Khan. Mwaka 1986 chekechea ya kwanza ya aina mpya ikaanza Mombasa, ikiongozwa na mwalimu mzoefu, Bi Swafiya Said. Hakuvunja chuo wala hakuiga nasari. Alivifumanisha viwili hivyo. Mtoto alisoma Kurani na akacheza kwa vifuu vya nazi, visoda na vipande vya mbao, katika lugha yake. Walimu walikuwa wanawake wa mtaa ule ule, wengi wao vijana, waliofunzwa hatua kwa hatua huku wakifundisha. Mpango huo ukafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda 1993.

Sehemu ya utaratibu wa darasani ilitoholewa kutoka HighScope ya Marekani, katika mji wa Ypsilanti, jimbo la Michigan. Utaratibu wenyewe ni mwepesi kuusimulia. Asubuhi mtoto anaulizwa: leo utafanya nini? Anajibu, kisha anaachwa akafanye. Baadaye anarudi kuwaeleza wenzake: nilifanya nini, na ilikuwaje.

Msomaji wa ukurasa huu aone kinachotendeka hapo. Asubuhi mtoto anatumia '-ta-': nitajenga nyumba. Adhuhuri anatumia '-li-': nilijenga nyumba, ikaanguka, nikaijenga tena. Katikati ya viambishi hivyo viwili pana jambo ambalo mtoto wa miaka minne hana budi kulijenga kichwani mwake mwenyewe, nalo ni kupanga, kukumbuka, na kutambua kwamba alichokusudia sicho kilichotokea. Ile '-ka-' ya masimulizi, inayowahangaisha wanafunzi wangu wa kigeni, yeye anaimudu akieleza jinsi vifuu vyake vilivyoporomoka. Na mtoto wa Mombasa akisema 'nitateza' badala ya 'nitacheza', mwalimu mwema hamkatizi. Kimvita ni nyumbani kwake, na ni kutoka nyumbani ambako safari huanza. Atalisikia 'cheza' katika jibu la mwalimu, na siku moja litamtoka lenyewe.

Kazi hii haifanywi na chati ukutani. Mtoto husema neno moja, "Gari!", akanyamaza. Yaya hujibu, "Eee, gari." Mwalimu huuliza, "Gari lile jekundu linakwenda wapi?" Katika swali hilo moja mna upatanisho wa kisarufi mara tatu, rangi, na mwaliko wa kufikiri. Zidisha hayo kwa siku za muhula, kisha zidisha kwa mihula ya miaka miwili.

Kama ushahidi unahitajika, upo. Watafiti Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg walichapisha mwaka 2008 matokeo ya kulinganisha watoto katika nchi tatu za Afrika Mashariki. Waliosoma chekechea waliwashinda waliobaki nyumbani katika majaribio ya uwezo wa akili, na wale wa chekechea za mpango wa Mombasa wakawatangulia hata wenzao wa chekechea nyingine. Kule Ypsilanti kwenyewe, watoto 123 kutoka familia za kimaskini waliingizwa katika utafiti ulioanza 1962, 58 kati yao wakapewa nafasi ya chekechea. Walifuatiliwa hadi umri wa miaka 40. Wale 58 walimaliza shule ya upili kwa wingi zaidi, wakapata kipato kikubwa zaidi, na kukamatwa na polisi mara chache zaidi. Wengi hunukuu matokeo hayo na kusahau walimu walikuwa nani: walikuwa watu wenye vyeti kamili vya ualimu, waliokabidhiwa watoto wachache, na waliomtembelea kila mzazi nyumbani kila wiki.

Turudi kwetu. Elimu ya msingi ilipofanywa kuwa ya bure mwaka 2003, chekechea haikuguswa. Wazazi wengi wakafanya hesabu rahisi: kwa nini nilipie nasari ilhali darasa la kwanza ni bure? Wakawaondoa watoto, na mwalimu aliyetegemea ada yao akaondoka nao. Katiba ya 2010 ikaikabidhi elimu hii serikali za kaunti, na katika Jedwali lake la Nne imeorodheshwa bega kwa bega na vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya kulelea watoto. Kaunti zimejenga madarasa mengi, hilo halina ubishi, na rangi zake zinapendeza. Mwalimu ndiye aliyebaki katika mikataba ya muda. Tume ya Huduma za Walimu, TSC, humsajili lakini haimwajiri. Mtaala mpya ukampa jina zuri, mwalimu wa PP1 na PP2, na sera inasema afundishe kwa lugha ya eneo. Mzazi bado anauliza Kiingereza kitaanza lini.

Wale waliokwenda mabwenini Aprili, Agosti na Desemba katika miaka ya 1980 sasa ni nyanya. Wamekwisha kustaafu, kama kitenzi hicho kinamfaa mtu ambaye hakuna ofisi inayomtumia pensheni.