Mtalaka Akihama Jimbo na Mtoto: Amri ya Ulezi Inavyotekelezwa Marekani



Swali la baadhi ya ndugu zetu walioko Marekani ni hili: mahakama ya Ohio imempa mama ulezi wa mtoto na baba akapangiwa siku zake. Kisha mmoja wao anamchukua mtoto, anahamia Minnesota na kukata mawasiliano. Je, amri ya Ohio ina nguvu huko?

Ina nguvu. Sheria ya mfano ya mwaka 1997, ijulikanayo kwa herufi UCCJEA, imepitishwa na majimbo yote isipokuwa Massachusetts. Na hata huko Massachusetts, sheria ya shirikisho ya 1980 inalazimisha amri ya jimbo jingine iheshimiwe. Mwenye mamlaka ni jimbo alikoishi mtoto miezi 6 mfululizo kabla ya kesi kufunguliwa, na hubaki nayo madhali mtoto au mzazi mmoja bado anaishi huko. Kwa hiyo aliyehama hawezi kujitafutia hakimu mpole zaidi alikohamia.

Aliyeachwa hupeleka ombi la kusajili amri katika mahakama ya jimbo jipya, pamoja na nakala 2 za amri, moja iwe imethibitishwa, na tamko la kiapo kwamba kwa ajuavyo haijabadilishwa. Mwenzake akishapewa taarifa ana siku 20 za kupinga, na sababu zinazosikilizwa ni chache: mahakama ya kwanza haikuwa na mamlaka, amri imeshafutwa au kubadilishwa, au yeye hakuarifiwa kesi. Kusema tu kwamba amri ilimdhulumu hakumsaidii. Ikihofiwa kuwa mtoto yu karibu kudhurika vibaya au kutoroshwa tena, hakimu anaweza kutoa hati ya kumchukua mara moja.

Wapo kina baba wanaotuambia: sisi ni Mashafii, na kwetu mzazi mmoja akihama moja kwa moja, baba ndiye mwenye haki zaidi ya mtoto ili nasaba ihifadhiwe. Kauli hiyo imo katika vitabu vya madhehebu yetu, hatuikatai. Lakini fuqahaa wameishurutisha na usalama wa njia na wa mahali, na Mahanafi wanamruhusu mama kurudi na mtoto kwenye mji wao alikofungiwa ndoa. Penye khilafu kama hii anayekata ni kadhi, si baba kumvizia mtoto mlangoni mwa skuli. Isitoshe, aliyetia saini makubaliano amefunga ahadi, na Surat al-Maida inaanza kwa kuamrisha ahadi zitimizwe. Al-Baqara aya ya 233 nayo inakataza mzazi yeyote kudhuriwa kwa sababu ya mwanawe. Tunaona kumtorosha mtoto ni haramu, kwa baba na kwa mama. Anayekimbia kipigo ana njia: mahakama ya jimbo alikofikia inaweza kutoa amri ya dharura ya muda. Aende huko, asijifiche.

Waraka wa ulezi ulioandikwa msikitini, hata ukiwa na mashahidi kumi, polisi hawautekelezi. Upelekeni mahakamani ufanywe amri, na mapema, kabla maneno hayajaharibika.

Ama amri ya Mahakama ya Kadhi ya Zanzibar, UCCJEA inaichukulia mahakama ya nchi ya nje kama ya jimbo jingine, ikiwa pande zote ziliarifiwa, mamlaka yanalingana na sheria za nchi hiyo hazivunji haki za msingi za binadamu. Upande wa pili ni mgumu: Tanzania haimo katika Mkataba wa Hague wa 1980 wa kurejesha watoto, hivyo mtoto akishaletwa huku ni kesi mpya. Mwenye hofu hiyo amuombe hakimu wa Marekani aandike ndani ya amri nani atashika pasipoti ya mtoto na safari gani zinahitaji idhini ya wazazi wote wawili.

Wallahu a'lam.