Vifaa vya kuandaa sampuli nje ya maabara

Vifaa vya kuandaa sampuli nje ya maabara ni vyombo vidogo, vinavyobebeka kwa mkono au kwenye mkoba, ambavyo hutumika kutayarisha damu, makohozi, mkojo, kinyesi, majani ya mimea na sampuli nyingine za viumbe hai ili zipimwe karibu na mahali zilipochukuliwa. Baadhi huendeshwa kwa betri, vingine havihitaji umeme wowote. Hutofautiana na kasha la barafu, ambalo hubeba sampuli tu, kwa kuwa hivi huifanyia kazi: huitenganisha, huichuja, huikausha au huvunja chembe zake.

Kwa nini sampuli huandaliwa

Watu wengi hudhani kazi ngumu ya maabara ni kumwona kijidudu kwa hadubini. Mara nyingi ugumu uko kabla ya hapo. Damu iliyo ndani ya chupa huendelea kuishi: isipotenganishwa wala kutiwa dawa ya kuzuia, chembe zake hula sukari kiasi cha asilimia 5 hadi 7 kwa saa katika joto la kawaida la chumba, hivyo sukari ya mgonjwa huonekana ndogo kuliko ilivyo. Chembe nyekundu zikipasuka kwa joto au mtikisiko wa safari humwaga potasiamu, na majibu yakaonyesha hatari isiyokuwepo.

Mfano wa mazingira yenye shida hiyo ni Ruaha Mbuyuni, mji mdogo wa Wilaya ya Kilolo, Mkoa wa Iringa, kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Mbeya na karibu na Mto Ruaha Mkuu. Mji huo uko bondeni na una joto kali kuliko Iringa mjini. Wakazi wake wengi hulima vitunguu na nyanya, na malori hupita usiku na mchana. Sampuli inayotoka hapo kwenda Iringa mjini hupanda Mlima Kitonga, wenye kona kali, ambako lori moja likikwama foleni huwa ndefu. Tena tatizo si umbali pekee. Majibu yakirudi baada ya siku kadhaa, dereva au kibarua wa msimu aliyepimwa anaweza kuwa ameshafika mkoa mwingine, na ugonjwa wake amekwenda nao.

Mbinu zisizohitaji umeme

Kazi hii haikuanza na mashine za kisasa. Katika uchunguzi wa minyoo na kichocho cha tumbo hutumika mbinu ya Kato-Katz, iliyopewa majina ya Mjapani Kato na Mbrazili Katz. Kinyesi huchujwa kwa wavu mdogo, kisha hujazwa kwenye tundu la kibao cha plastiki linalopokea miligramu 41.7. Mayai yanayohesabiwa huzidishwa kwa 24 ili kupata idadi kwa kila gramu. Ni hesabu ya darasani kabisa, lakini ina mtego: mayai ya safura hufifia upesi kwenye slaidi, kwa hiyo lazima isomwe ndani ya nusu saa hadi saa moja. Slaidi ya safura iliyopelekwa mjini haina faida. Kwa kichocho cha mkojo, mililita 10 za mkojo husukumwa kwa bomba la sindano kupitia kichujio chembamba. Wakati mzuri wa kuuchukua ni kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, mayai yanapotoka kwa wingi.

Mbinu nyingine ni kukausha matone ya damu kwenye karatasi maalumu. Robert Guthrie wa Marekani aliieneza miaka ya 1960 kwa kupima watoto wachanga, na baadaye ikatumika Afrika kupima VVU kwa watoto wachanga. Karatasi iliyokauka vizuri husafiri bila barafu.

Kipimo cha haraka cha malaria, kinachotumika katika zahanati za Tanzania, huficha maandalizi yote ndani ya utepe. Tone la damu, takriban mikrolita 5, huongezewa matone ya dawa. Chembe hupasuka, protini za vimelea husafiri kwenye utepe, na mstari huonekana baada ya dakika 15 hadi 20.

Sentrifuji ya karatasi

Sentrifuji ni mashine inayozungusha chupa za damu kwa kasi ili chembe zizame na plazma ibaki juu. Mwaka 2013 Manu Prakash wa Chuo Kikuu cha Stanford, alipotembelea Uganda, alikuta sentrifuji katika kituo cha afya ikitumika kuzuia mlango, kwa kuwa umeme haukuwepo. Yeye na wenzake walitengeneza nyingine kwa karatasi na uzi, wakaitangaza mwaka 2017. Hufanya kazi kama kizibo cha soda kilichopigwa bapa na kutobolewa matundu mawili, ambacho watoto hukizungusha kwa kuvuta na kulegeza uzi. Ile ya karatasi ilifikia mizunguko 125,000 kwa dakika, hutenga plazma kwa dakika moja na nusu, na vifaa vyake viligharimu senti 20 za dola. Hata hivyo hubeba damu kidogo sana, ndani ya vibomba vyembamba.

Kifua kikuu

Makohozi ni sampuli sugu. Ni mazito, na bakteria wa kifua kikuu wana ukuta wenye nta usiovunjika kirahisi. Mashine ya GeneXpert, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani Desemba 2010, hufanya karibu kazi yote ndani ya katriji moja, na majibu hupatikana kwa muda usiofikia saa mbili. Kituo cha utafiti cha NIMR mjini Mbeya kilikuwa miongoni mwa vilivyoipima mapema. Lakini mashine hiyo huhitaji umeme wa uhakika na chumba kisichozidi nyuzi 30 za selsiasi. Mbeya yenye baridi si tatizo, mabondeni ni jambo jingine.

Truenat kutoka India, iliyopendekezwa mwaka 2020, hutumia vifaa viwili vya betri, kimoja kwa kutoa DNA na kingine kwa kuitambua. Imefanyiwa utafiti katika zahanati na vituo vya afya vya Tanzania na Msumbiji, ikilinganishwa na utaratibu wa kutuma makohozi kwenye maabara zenye GeneXpert. Udhaifu wake ni kwamba mhudumu huhamisha DNA kwa mkono kutoka kifaa hadi kifaa, hivyo mkono usiozoea unaweza kuharibu kipimo.

Mimea

Mwaka 2019 watafiti wakiwemo Laura Boykin na Joseph Ndunguru walitangaza kazi waliyofanya katika mashamba matatu ya mihogo, moja Tanzania, moja Uganda na moja Kenya. Kifaa cha betri kilitoa DNA kwenye majani kwa vimeng'enya na joto, kisha kifaa cha MinION, kinachotosha kiganjani, kikaisoma. Tangu kufika shambani hadi kutambua virusi vya batobato ilichukua chini ya saa tatu, muda ambao mkulima bado yupo na anaweza kuamua kama ang'oe au apande mbegu nyingine. Vipande vya kusomea DNA, hata hivyo, ni ghali na huhifadhiwa kwenye jokofu.

Taka

Vifaa hivi huacha katriji, sindano na chupa nyingi. Dawa nyingi za kutoa DNA zina kemikali ya guanidini, na mabaki yake hayapaswi kumwagiwa klorini, desturi ya kawaida ya usafi katika zahanati, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu.