Namna ya Kulitambua Ua la Miamba ya Kilimanjaro

Dar es Salaam

Mkazi wa Kariakoo anayenunua koti zito la mtumba pale Mchikichini ili akapande Mlima Kilimanjaro anatoka usawa wa bahari kwenda kwenye mimea asiyoweza kuiona jijini. Mmojawapo ni Helichrysum newii, ua jeupe la asili linaloota kwenye miteremko ya miamba. Mmea huo umewahi kukutwa juu ya mita 5,600, jirani na matundu ya mvuke katika kreta ya Kibo. Jina lake linamkumbuka Charles New, mmisionari Mwingereza aliyeifikia theluji ya mlima huo mwaka 1871.

Ili kulitambua ua hili, zingatia mambo matatu. Kwanza, majani ni ya rangi ya kijivu kutokana na manyoya laini yanayopunguza upotevu wa maji na kuukinga mmea na baridi. Pili, mmea ni kichaka kifupi kilichoshikamana, chenye kujibanza kwenye mawe. Tatu, kitovu cha ua ni cha njano kama cha alizeti, ambayo ni ya familia hiyo hiyo. Kinachodhaniwa kuwa petali nyeupe ni vijani vikavu mithili ya karatasi.

Mimea ya jamii yake isikuchanganye. Helichrysum meyeri-johannis ina maua ya waridi, Helichrysum cymosum ina vichwa vidogo vya njano vilivyosongamana, na Helichrysum citrispinum ina miiba.

Kwa kuwa ua hili halipotezi umbo likikauka, wapandaji hushawishika kulichuma liwe kumbukumbu nyumbani. Sheria ya Hifadhi za Taifa, Sura ya 282, hairuhusu kuondoa mimea hifadhini bila kibali. Aidha, katika mwinuko huo mimea hukua polepole mno, na moto wa Oktoba 2020 na Oktoba 2022 uliteketeza uoto wa maeneo makubwa ya mlima.

Wananchi wanakumbushwa kupiga picha ya ua pamoja na majani yake, kuandika mwinuko lilipoonekana na kumwonesha mwongozaji wao. Picha hiyo inatosha kulitambua ua, nalo likabaki mlimani kwa ajili ya atakayepanda kesho.