Kebo ya TV imekatika? Ipi uiunge mwenyewe na ipi ununue mpya

Mechi inaanza saa 1 usiku. Saa 12 na nusu TV inaandika hakuna mawimbi. Unafuata waya wa dishi hadi nyuma ya kabati, unakuta panya ameshapita. Fundi hapokei simu. Hapo ndipo kila mtu nyumbani anageuka fundi: kisu cha jikoni, tepu nyeusi ya umeme, na "jamani, mbona kazi ndogo tu".

Nyumbani kwetu tulishafanya hivyo. Kaka yangu alisokota nyaya na kuzizungushia tepu huku king'amuzi kikiwa kimewashwa. Picha haikurudi, na king'amuzi chenyewe hakikuwaka tena. Vifaa vya kuunga ile kebo ni vya bei ya soda kadhaa. Sisi tukaishia kujichanga kununua king'amuzi kingine.

Kujaribu halikuwa kosa. Kosa lilikuwa kukata na kuunga bila kujua ni kebo gani na ndani yake kunapita nini. Haya ndiyo ya kujua kabla hujashika kisu.

Kwanza, jua ni kebo ipi

Tangu Dar es Salaam ianze kuzima matangazo ya analojia mwishoni mwa Desemba 2012, TV nyingi Tanzania zinategemea king'amuzi. Maana yake una kebo mbili za kukagua: inayotoka kwenye dishi au antena kuja kwenye king'amuzi, na inayotoka kwenye king'amuzi kwenda kwenye TV.

Kuzitenganisha ni rahisi. Bonyeza kitufe cha menyu kwenye rimoti ya king'amuzi.

- Menyu ikionekana kwenye TV lakini chaneli hakuna, kebo ya TV ni nzima. Shida iko upande wa dishi.
- Menyu isipoonekana kabisa, na king'amuzi kinawaka, shida iko kati ya king'amuzi na TV. Hakikisha pia TV haijahamishwa kwenda tundu jingine. Watoto huwa wanabonyeza.
- Chaneli zikipotea wakati wa mvua kubwa tu, kisha zikarudi ikikatika, usikate kitu. Mvua nzito hupunguza nguvu ya mawimbi ya setilaiti, kebo haina kosa.

Pia fungua na ufunge tena konekta za pande zote mbili. Mara nyingi kebo haijakatika, imelegea tu.

Kabla ya kukata: chomoa ukutani

Kuzima kwa rimoti hakutoshi. Chomoa plagi ya king'amuzi na ya TV kwenye soketi.

Sababu ni hii: kebo ya dishi haileti picha tu. King'amuzi chenyewe kinapeleka umeme kwenye LNB, kile kichwa kilicho mbele ya dishi, kwa kupitia kebo hiyohiyo. Ni volti 13 au 18, na king'amuzi hubadilisha kati ya hizo mbili ili kuchagua kundi la mawimbi. Volti 18 hazitakuua, lakini waya wa katikati ukigusana na ule wavu wa nje, hiyo ni shoti moja kwa moja ndani ya king'amuzi. Ving'amuzi vingi vina kinga ya shoti, ila usiitegemee. Sisi tulijifunza kwa hasara.

Ndiyo maana pia jointi mbovu inaweza kukuachia baadhi ya chaneli na kukunyima nyingine: volti zikishuka njiani, LNB inabaki kwenye kundi moja tu.

Kebo ya dishi: inaungika, ila si kwa kusokota

Ni ile kebo nene ya duara, mara nyingi imeandikwa RG6 ubavuni. Ukiikata unakuta tabaka nne: waya mmoja wa katikati, plastiki nyeupe, wavu wa nyuzi pamoja na karatasi ya alumini, halafu ganda la nje. Umbali kati ya waya wa katikati na wavu umepimwa kiwandani. Ukisokota nyaya na kufunga tepu, umbali huo unavurugika, na sehemu ya mawimbi inarudi ilikotoka badala ya kufika kwenye king'amuzi.

Unahitaji konekta 2 za kuzungusha na jointi 1, kile kichuma kifupi chenye nyuzi pande zote mbili. Maduka ya vifaa vya umeme yanavyo.

1. Kata kipande chote kilichoharibika. Shaba ikiwa nyeusi au ina kutu ya kijani, maji yameshaingia. Endelea kukata hadi ukute inayong'aa.
2. Menya ganda la nje kama sentimita 1.5. Kisu kizunguke taratibu, kisifike ndani.
3. Kunja nyuzi za wavu kurudi nyuma, zilale juu ya ganda. Karatasi ya alumini iliyogandamana na plastiki nyeupe iache.
4. Menya plastiki nyeupe, ibaki kama milimita 6 au 7. Usikwaruze waya wa katikati. Kebo nyingi za bei nafuu zina chuma kilichopakwa shaba, na hiyo shaba ya juu ndiyo inayobeba mawimbi.
5. Hakikisha hakuna hata uzi mmoja wa wavu unaogusa waya wa katikati.
6. Zungusha konekta hadi plastiki nyeupe ilingane na sakafu ya ndani ya konekta. Waya wa katikati utokeze kama milimita 2 nje ya mdomo.
7. Fanya hivyo upande wa pili, kisha funga zote kwenye jointi. Kaza kwa mkono, malizia na spana kidogo.

Jointi ikiwa nje, ifunge tepu kuanzia chini kwenda juu, kila mzunguko ulalie ule wa chini yake kama vigae. Maji yatateleza badala ya kuingia. Na pale kebo inapoingia ndani ya nyumba, iache ining'inie kidogo chini ya tundu ili matone yadondokee nje.

Kebo ya rangi tatu: hii inasamehe

Njano ni picha, nyeupe sauti ya kushoto, nyekundu sauti ya kulia. Kabla hujakata chochote, jaribu hili: kama picha imepotea lakini sauti ipo, chomeka pini nyekundu kwenye tundu la njano pande zote mbili. Mara nyingi nyaya zote tatu ni za aina moja, kwa hiyo nyekundu itabeba picha na utabaki na sauti ya spika moja. Mechi unaangalia.

Ukiamua kuunga, kila waya una sehemu mbili: uzi wa ndani na nyuzi zinazouzunguka. Unga ndani kwa ndani, nje kwa nje. Kata kwa kupishana, moja fupi na nyingine ndefu, ili maungio yasikae pamoja na kugusana. Ukiwa na kifaa cha kuchomelea risasi, tumia. Kusokota na tepu kunafanya kazi pia, ila siku ukivuta kebo utarudi pale pale.

Kama una mita ya kupimia umeme, weka kwenye alama ya mlio kebo ikiwa haijachomekwa popote. Ncha ya njano upande huu na ncha ya njano upande wa pili zinapaswa kulia. Ncha na pete ya pini hiyohiyo zisilie. Zikilia, una shoti, fungua uunge upya.

Tahadhari moja kwa wanaonunua mpya: baadhi ya ving'amuzi vinatumia kebo yenye pini moja nyembamba upande mmoja na rangi tatu upande wa pili. Mpangilio wa ndani haufanani kwa zote. Ukichomeka usipate picha, usikimbilie kuirudisha dukani. Badilishana rangi upande wa TV kwanza.

HDMI: acha, nunua nyingine

Hapa ndipo watu wanapoteza jioni nzima. Kichwa cha HDMI kina pini 19, na ndani kuna nyaya nyembamba zilizosokotwa kwa jozi. Picha ya 1080p ya kawaida inapitisha takribani biti bilioni 4.46 kila sekunde. Kwa kasi hiyo, jozi iliyofumuliwa na kuungwa kwa mkono inaweza kuvuruga data.

Dalili zake: vidoti vinavyometameta kwenye picha, skrini inazima na kuwaka, au giza kabisa. Jaribu kebo nyingine kwanza, maana tundu la TV nalo huharibika. Kebo ikiwa ndiyo mbovu, nunua nyingine. Ukitaka kurefusha iliyo nzima, tumia kiunganishi cha kiwandani chenye matundu pande zote mbili.

Kuhusu kupanda juu

Yote haya yanafanyika chini, ukiwa umesimama sakafuni. Kama kebo imekatikia kwenye paa, hesabu inabadilika. Mabati yenye unyevu yanateleza, na nyaya za TANESCO zinazoingia nyumbani mara nyingi zinapita jirani na dishi. Usipande usiku, usipande mvua ikitishia, na usipande peke yako. Mechi utaangalia kibandani kwa jirani, na asubuhi fundi atapokea simu.

Ukimaliza kuunga, kagua mara ya mwisho kwamba waya wa katikati haugusi wavu, ndipo uchomeke king'amuzi ukutani. Fungua sehemu ya menyu inayoonyesha nguvu na ubora wa mawimbi. Ubora ukiwa umerudi kama zamani, umemaliza. Nguvu ikiwa juu lakini ubora uko chini, anza na konekta uliyofunga mwisho.